Tumpe Nini Mhitimu Wetu?

(Hotuba iliyotolewa Matembwe katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya zawadi. Tunacho kiasi cha fedha kilichotokana na michango yetu, na liko pendekezo kwamba kila kijana aliyetoka shule hii na kuhitimu chuo mwaka huu apewe ngao ya kioo. Juu yake itachapwa Bendera ya Taifa, chini Nembo ya Taifa, na katikati jina la mhitimu kwa herufi za rangi ya dhahabu. Mwenzetu aliyeleta pendekezo hili ana nia njema kabisa. Anataka zawadi ya kizalendo, ambayo kijana ataitazama na kuikumbuka nchi yake. Mimi nimesimama hapa kulipinga. Kwa kuwa ni mtumishi wa serikali, najua mnategemea nitalipinga polepole na kwa kufuata ngazi zote zinazohusika. Nitajitahidi kufupisha.

Nianze na lililo rahisi, yaani sheria. Bendera na Nembo ya Taifa vina sheria yake, iliyotungwa na Bunge mwaka 1971, na sheria hiyo hairuhusu mtu kuvitumia katika biashara kama apendavyo bila kibali. Fundi wa mjini anayechapa Nembo ya Taifa kwenye vikombe, fulana na vioo aghalabu hajawahi kuiona sheria hiyo. Wala hajaitazama vizuri bendera yenyewe. Nimekwisha kuona kikombe cha mahafali ambacho mstari mweusi ulishuka badala ya kupanda. Vijana, hili mnalijua: ule mstari mweusi wenye kingo za njano unaanzia chini, upande wa mlingoti, unapanda hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Kijani iko juu karibu na mlingoti, bluu iko chini. (Na nikisema mlingoti hapa sina maana ya ile miti mirefu ya kwenu kule bondeni, ingawa nguzo nzuri ya bendera hutoka hukohuko.) Bendera hii iliunganishwa mwaka 1964 kutokana na ile ya Tanganyika, iliyokuwa ya kijani, njano na nyeusi, na ile ya Zanzibar, iliyokuwa ya bluu, nyeusi na kijani. Mtu anayeigeuza kichwa chini ili akuuzie kikombe hajakuuzia uzalendo. Amekuuzia kikombe.

Lakini sheria si hoja yangu kubwa. Kibali huombwa, na fundi husahihishwa. Linalonisumbua ni jambo jingine: ngao ile itafanya kazi gani ikishafika nyumbani kwa mhitimu?

Niruhusuni nirudi nyuma kidogo. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam kikiwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Hakikuwa na jengo lake. Kilianzia katika jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba, na hakikuhamia Mlimani hadi mwaka 1964. Kwa hiyo wasomi wa kwanza waliosomeshwa katika ardhi ya nchi hii walikaa chini ya paa la chama ambacho nguvu yake ilikuwa ada za wakulima, wachuuzi, makuli wa bandarini na akina mama wauza maandazi. Wengi wa hao hawakujua kusoma. Mimi hiyo naihesabu kuwa ndiyo zawadi ya kwanza ya kizalendo ambayo watu wetu walimpa msomi. Ilikuwa jengo. Haikuandikwa jina la mtu kwa dhahabu.

Mwaka huohuo wa 1964, Mwalimu Nyerere alitoa mfano ambao nadhani wazee hapa wanaukumbuka. Alisema mtu anayepata elimu ya juu katika nchi maskini anafanana na mtu wa kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Akichukua chakula kile kisha asirudi kuwasaidia wenzake, huyo ni msaliti. Mfano huu husimuliwa mara nyingi, na kila mara mkazo huwekwa kwenye ule usaliti. Mimi naomba leo tuangalie upande wa pili, yaani wanakijiji. Wao walimpa nini? Hawakumpa mapambo. Walimpa chakula cha njiani, kitu cha kumfikisha aendako na kumrudisha.

Miaka miwili baadaye mambo yalichacha. Mnamo Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewataka watumikie miaka miwili na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee sehemu tu ya mshahara. Mwalimu alikasirika, wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao, naye akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa chuoni mwaka uliofuata. Sitaki kufufua mabishano hayo, maana hata leo wako watu wazima wenye heshima zao wanaoshikilia upande mmoja au mwingine. Nasema tu kwamba tangu mwanzo, katika nchi hii, mahafali hayajawa sherehe ya mtu mmoja. Kila mhitimu alikuwa na mdai, na mdai huyo alikuwa kijiji.

Leo mdai ameongezeka. Vijana mnaosoma hapa, sikilizeni hili vizuri. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 mhitimu aliyekopeshwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Silalamiki, maana fedha hizo ndizo humsomesha mdogo wake. Lakini mjue kwamba yule kijana tunayemvisha mataji ya maua ya plastiki hadi shingo inapotea, huku tukimpiga picha, hutoka pale uwanjani akiwa na deni, akiwa na joho la kuazima ambalo lazima lirudishwe, na mara nyingi akiwa hana kazi.

Hapo ndipo penye uzito. Zamani mtu alimaliza chuo Ijumaa, Jumatatu akapangiwa kituo. Leo mhitimu anaweza kuzunguka miaka miwili au mitatu na bahasha ya kaki yenye vyeti vilivyotolewa nakala hadi vimefifia. Mama mmoja wa vijiji vya huku Lupembe alinieleza kwamba mwanawe alipewa ngao ya namna hiyohiyo na ukoo, ikatundikwa ukutani juu ya redio. Ilipita mwaka. Asubuhi kijana alipokuwa akijiandaa kwenda Makambako kutafuta kibarua cha kupakia mbao kwenye malori, aliifunika ile ngao kwa kitambaa cha meza. Mama hakumwuliza kitu. Kitambaa kilikuwa bado kipo siku aliyonisimulia.

Ndugu Mwenyekiti, zawadi inayomwaibisha aliyepewa siku anapofanya kazi ya jasho si ya kizalendo, hata ikiwa na rangi zote nne. Kwa hiyo mimi napendekeza kipimo kingine. Tukitaka kumpa mhitimu zawadi ya kizalendo, tujiulize kwanza kama itamsaidia kazini au katika kutafuta kazi. Halafu imetengenezwa na nani. Halafu inamfunga na mahali gani. Bendera itakuwa imeingia humo bila kuchapwa.

Chukueni bwana shamba kijana, aliyetoka chuo cha kilimo. Mwenye kumtakia mema ampe mabuti ya mvua na koti zito, maana anayeujua udongo mwekundu wa njia ya Lupembe mwezi wa Machi hana haja ya maelezo. Muuguzi ampewe saa ya mkono yenye mshale wa sekunde, ya kuhesabia mapigo ya mgonjwa. Fundi apewe vifaa vyake vya kwanza, vile ambavyo vinginevyo angeviazima kwa mtu na kulipia kila siku. Na fedha taslimu je? Wako wanaosema kumpa mtu fedha ni kukosa ustaarabu. Mimi naona nauli ya kwenda kwenye usaili Dodoma ni zawadi nzuri sana, wala haihitaji kufungwa kwa utepe.

Vitabu navipenda zaidi, na hapa mtanisamehe nikichelewa kidogo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981. Maneno ya Kiswahili yalielezwa humo kwa Kiswahili chenyewe, bila kupitia mlangoni kwa Kiingereza. Jambo hilo ni dogo ukilisema, lakini nchi nyingi zilizopata Uhuru pamoja nasi hadi leo hazina kitabu cha namna hiyo kwa lugha yao. Kila kijana anayeingia ofisini huku ataandika barua, taarifa na mihtasari kwa Kiswahili, na mimi ninayezipokea naweza kushuhudia kwamba kamusi ingeokoa wengi. Unaweza pia kumpa tafsiri za Mwalimu Nyerere za tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Fikirini: mkuu wa nchi mwenye njaa, mipaka na bajeti mezani, anakaa kutafuta neno la Kiswahili la kutosha kwa kila mstari. Kijana akikipata kitabu hicho pamoja na nakala ya Katiba ya mwaka 1977, anayo kazi ya kusoma ya mwaka mzima, na vyote havizidi uzito wa ngao moja ya kioo.

Nguo nayo ina mahali pake. Bibi zetu waliwapa wahitimu kanga na hawakukosea, maana kanga husema. Lakini tazameni pindo. Kanga nyingi sokoni leo zimechapwa India au China, na pamba yetu ya Shinyanga, Simiyu na Mwanza kwa sehemu kubwa husafirishwa ikiwa nyuzi ghafi. Wazee wanakumbuka Urafiki, kiwanda cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina ili tujivike wenyewe. Sasa tunaagiza China vikombe vyenye bendera yetu ili tupongezane. Siwalaumu Wachina hata kidogo. Wao wanatengeneza tunachoagiza. Mwenye kutaka kumpa binti yake kitu cha mkono wa nyumbani anaweza kupita Iringa akanunua kikapu cha milulu kilichosukwa na akina mama wa pale. Kitabeba vitabu na faili kwa miaka, na fedha itabaki kwa aliyesuka.

Sasa nifike kwenye zawadi ambayo ndiyo hasa nimekuja kuisema.

Nilipohitimu Chuo Kikuu nilipewa vitu vingi: glasi sita, sanduku la nguo, saa ya ukutani. Glasi zilivunjika moja moja kila nilipohama kituo, na saa nadhani iko wilaya fulani niliyowahi kufanyia kazi. Babu yangu hakuja na kitu mkononi. Alinichukua asubuhi, tukashuka hadi mteremko mmoja wa shamba lake, akanionyesha mipaini midogo iliyonifika magotini. Akasema: hii ni yako, lakini utaipalilia mwenyewe. Basi.

Kwa miaka mitatu ya kwanza nililazimika kurudi. Mpaini mchanga hauwezi kushindana na majani, usipopaliliwa husongwa. Baadaye unahitaji kupogolewa matawi ya chini ili mbao isiwe na vifundo. Na kila mwaka, kabla ya miezi ile mikavu ya Septemba na Oktoba, lazima usafishe njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba, maana moto wa jirani mmoja anayetayarisha shamba la mahindi unaweza kumaliza kazi ya miaka kumi kwa mchana mmoja. Nilikuwa karani wa ngazi ya chini mkoa wa mbali, na likizo zangu zote zilikwishia kwenye mteremko ule. Nilipokuwa huko nilihudhuria misiba, nikasuluhisha ugomvi wa mipaka, nikawaandikia watu barua zao za serikalini. Babu alijua alichokifanya. Miti ilivunwa baada ya miaka kumi na mitano hivi, na mbao zake ziliwalipia wadogo zangu wawili ada. Mmoja wao yuko hapa leo, nami sitamtaja kwa sababu atataka kusimama.

Ninyi mnaoishi hapa hamhitaji kuambiwa miti ni nini. Miwati ililetwa katika nyanda hizi kwa mashamba makubwa, na Kampuni ya Wattle ya Kibena ilianza mwaka 1949 kwa ajili ya magamba ya kutengenezea dawa ya ngozi. Leo mbao za Njombe zinaezeka nyumba za Dar es Salaam, na nguzo za milingoti ya nyanda hizi zimebeba nyaya za umeme hadi vijiji ambavyo havikuwahi kuota taa. Na Matembwe yenyewe haikungoja. Tangu miaka ya 1980 watu wa hapa, kwa ushirikiano na shirika la CEFA la Italia, walikuwa na umeme wao wa maji chini ya kampuni ya kijiji, wakati miji mingi ya wilaya bado ilitumia kandili. Sijui uzalendo mwingine unaozidi huo, na sikumbuki kuwa uliandikwa kwenye kikombe.

Najua yapo maswali. Katibu ameniuliza jana: mhitimu anayeishi Mwanza atapaliliaje? Ni swali la haki. Wengine hawatarudi, na wengine watauza miti ikiwa michanga kwa dalali wa kwanza atakayefika. Ndiyo maana sisemi kila mmoja apewe kiwanja chake, jambo ambalo hata kijiji hakiwezi. Nasema shule ikikubali kutoa sehemu ya ardhi yake, chama kipande shamba moja, kila mhitimu wa mwaka ahesabiwe mistari yake, na jina lake liandikwe kwenye daftari la shule. Wanafunzi wasaidie kupalilia kama sehemu ya kazi za shule, lakini mhitimu alipe kibarua au aje mwenyewe. Mavuno yake yagawanywe, sehemu kwake, sehemu kwa ada za watoto wasio na uwezo. Asiyepalilia kwa miaka miwili mfululizo, mistari yake iende kwa mwingine. Wako watakaopendelea parachichi badala ya mpaini, kwa kuwa huzaa mapema zaidi. Hilo tulijadili na mabwana shamba. Mimi nilizaliwa katika mipaini na siwezi kuwa hakimu wa haki.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, hoja yangu naiweka mezani kama ifuatavyo: pendekezo la ngao liondolewe, kila mhitimu wa mwaka huu apewe kamusi moja, yenye sahihi za walimu waliomfundisha, na fedha inayobaki inunue miche. Mwenye ngao yake tayari nyumbani aendelee kuitundika kwa amani, sina ugomvi naye.

Mvua zikianza vizuri mwezi wa Desemba, ardhi iwe imekwisha kusafishwa na mashimo yamechimbwa. Mkuu wa Shule ameniambia kwa kunong'ona kwamba uko mteremko nyuma ya mabweni usiotumika. Baada ya chakula nitateremka kuutazama, na anayependa kuona tutafuatana naye. Avae viatu vya kazi. Daftari la majina liko kwa Katibu.